Cheo Si Hiba

Mtu akimpenda kiongozi wake kwa kuwa alisimama naye siku za dhiki, akamtetea mahali ambapo kumtetea kulikuwa na hatari, au akamsomesha mwanawe wakati yeye mwenyewe hana pa kushika, hatumlaumu. Bali tungemlaumu lau angesahau, maana shukrani ni deni, na moyo usiolipa deni hilo ni moyo uliopungukiwa na utu. Lakini mtu huyo huyo akiulizwa, siku ya kupiga kura, au siku ya kuteua, au siku anaposhika kalamu kuandika juu ya serikali, kama kiongozi huyo anaifaa kazi aliyokabidhiwa, naye akajibu kwa kuhesabu fadhila alizotendewa, basi amejibu swali ambalo hakuulizwa. Na majibu ya namna hiyo ndiyo yanayojaza mabaraza yetu, magazeti yetu na mikutano yetu ya hadhara, hata swali lenyewe limefunikwa na kelele za mapenzi.

Swali ni hili: je, ni halali mbele ya Mungu, na je, ni sawa mbele ya akili, mtu kumpa mwenziwe madaraka juu ya watu, au kumwachia aliyo nayo, kwa sababu ya uaminifu uliopo baina yao wawili, ilhali anajua kwamba yuko mwingine aliye mahiri zaidi wa kazi hiyo? Nimeliweka kuwa ni swali la dini na la falsafa kwa sababu katika siasa limekwisha kufanywa swali la hesabu, nani yu nasi na nani hayu nasi, na hesabu hiyo, ikishamalizika, haituambii hata kidogo kama mtu aliyeonekana kuwa yu nasi anajua kusimamia bohari ya dawa.

Miongoni mwa masahaba wa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, walikuwa wachache walioweza kushindana na Abu Dharr al-Ghifari kwa uaminifu. Alisilimu mapema sana, Uislamu ulipokuwa bado jambo la kunong'onwa katika nyumba za Makka, naye hakuridhika kunong'ona, akaenda penye Kaaba akatangaza shahada kwa sauti kuu mpaka akapigwa kipigo cha kufa mtu. Na imepokewa kwamba Mtume alimsifu kwa ukweli wa ulimi sifa ambayo mtu yeyote angeona fahari kufa nayo. Lau uaminifu kwa nafsi ya kiongozi ungekuwa ndio mizani ya vyeo, mtu huyu angalipewa jimbo zima bila ya kuomba. Naye aliomba. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim inasema kwamba alimwuliza Mtume mbona hampi kazi ya utawala, na Mtume akampiga bega kwa mkono wake, akamweleza kuwa yeye ni dhaifu, na kuwa kazi hiyo ni amana, ambayo siku ya Kiyama itakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa yule aliyeichukua kwa haki yake akatimiza yaliyompasa ndani yake. Katika mapokezi mengine akamwambia kwamba anampendelea yale anayoipendelea nafsi yake mwenyewe, na papo hapo akamkataza asiwe amiri hata wa watu wawili, wala asisimamie mali ya yatima.

Nimeisoma hadithi hiyo tena na tena, na kila mara kinachonisimamisha ni ule mkono begani. Mtume hakumnyima Abu Dharr kwa kumtilia shaka, wala kwa kumdunisha, wala kwa kuwa amepata rafiki mwingine. Alimnyima huku akimgusa, na katika kauli ile ile ya kumnyima akamhakikishia mapenzi yake, kana kwamba alitaka sahaba wake, na sisi tuliokuja baadaye, tujue kwamba mambo hayo mawili hayapigani. Udhaifu uliotajwa haukuwa udhaifu wa imani, maana katika imani Abu Dharr alikuwa jabali. Alikuwa mtu wa zuhudi kamili, mwenye kuona kuwa mali iliyozidi haja ya siku ni moto kwa mwenye kuilimbikiza, na mtu wa hulka hiyo, hata akiwa walii, hawezi kukaa na hazina ya umma, kuipima, kuigawa kwa mafungu na kuiwekea akiba ya mwaka wa njaa. Baadaye, huko Shamu, aligombana na Muawiya kwa ajili ya mambo hayo hayo, na akamaliza umri wake upweke pale Rabadha, akiwa ameheshimiwa na wote wala hana cheo chochote. Hakuna Mwislamu anayedhani kwamba alipunguziwa daraja yake mbele ya Mungu kwa kutokuwa liwali.

Kwa nini basi mali ya yatima ikatajwa pamoja na uamiri? Naona humo ndimo ilimo hoja yote. Yatima ni mtu ambaye hakuwapo wakati msimamizi wake alipochaguliwa, au alikuwapo lakini hakuwa na kauli. Naye atakuja siku moja, akiwa mtu mzima, aulize shamba la baba yake lilikwenda wapi. Msimamizi akimjibu kwamba shamba lilipotea kwa kuwa aliyewekwa kulilinda alikuwa rafiki mwema wa aliyemweka, yatima atashangaa, maana urafiki huo ulikuwa wao, na shamba lilikuwa lake. Vivyo hivyo cheo. Mtu anayo ruhusa ya kutoa hiba katika mali yake, amzawadie mwandani wake nyumba, ng'ombe, au nusu ya mshahara wake, na malaika watamwandikia thawabu ya ukarimu. Ila cheo hakimo katika mali yake hata akitoe, kwa sababu wenye cheo ni wale watakaougua na kuhitaji dawa, watakaopanda na kuhitaji mbegu, watakaoshitakiwa na kuhitaji kadhi mwadilifu, na wengi wao hata hawajazaliwa. Anayewalipia marafiki zake deni la shukrani kwa cheo amelipa kwa fedha za watu wengine, na jambo hilo, likitendeka dukani, tunalo jina lake na adhabu yake.

Tena tusidhani kwamba Mtume alijua kunyima tu. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, miezi michache baada ya Amr ibn al-As kusilimu, alimpa uamiri wa jeshi lililokwenda Dhat al-Salasil, na waliotumwa kumwongezea nguvu, ambao walikaa chini ya amri yake, walikuwamo Abu Bakr na Umar. Msomaji akumbuke Amr alikuwa nani: ni yule yule ambaye Makuraishi walimtuma kwa Najashi wa Uhabeshi, akadai Waislamu waliokimbilia huko warudishwe kwa watesi wao. Kwa mizani ya utiifu wa zamani asingepewa hata kundi la kuteka maji. Huko safarini usiku ulikuwa wa baridi kali, na Amr akawakataza watu wasiwashe moto; Umar akakasirika, akataka kwenda kumkabili, na Abu Bakr akamzuia, akamkumbusha kwamba mtu yule hakupewa uamiri isipokuwa kwa ujuzi wake wa vita. Waliporejea Madina ikadhihirika kwamba Amr alichelea adui asije akaona kwa mianga ya moto jinsi jeshi lilivyokuwa dogo. Abu Bakr, aliyetangulia kumwamini Mtume na kumfuata pangoni katika hijra, alikaa gizani akitetemeka kwa amri ya mtu wa juzi, na haikumpitia kuona kwamba sadaka zake za zamani zilimpa haki ya moto.

Wakristo nao wana ushahidi wao. Yethro, mkwewe Musa, alipomkuta Musa amezungukwa na watu tangu asubuhi mpaka jioni akiwaamua peke yake, hakumshauri atafute jamaa wa kabila lake la Lawi wamsaidie, bali alimtajia watu hodari, wacha Mungu, wapendao kweli, wachukiao mali ya dhuluma. Na kila aliyewahi kuteua watu angefanya vyema kuzipima sifa hizo moja moja. Rehoboamu mwana wa Sulemani naye aliwapa kisogo wazee waliokuwa wakimshauri baba yake, akashika maneno ya vijana aliokua pamoja nao, ambao bila shaka walimpenda, na katika muda mfupi makabila kumi yakamwacha. Na Yusuf, ambaye kisa chake tunacho sote, alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, hakutaja kwamba amekaa gerezani kwa kudhulumiwa na hivyo anastahili kufidiwa, wala hakuahidi kumtii mfalme milele. Alitaja mambo mawili tu, kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua.

Mtu makini ataniuliza hapa: na mahiri asiye na dhamiri je? Umahiri wa mwizi si ndio unaotuangamiza? Ni kweli, na wanazuoni hawakulikimbia jambo hilo. Ibn Taymiyya, aliyekufa Dameski mwaka 1328, aliandika kitabu juu ya siasa ya kisharia, na humo akasema kwamba nguzo za wadhifa ni mbili, nguvu na uaminifu, na kwamba kuzipata zote mbili katika mtu mmoja ni nadra. Kwa hiyo katika kila kazi atazamwe yule ambaye kazi hiyo inamhitaji zaidi, katika vita ashike mbele shujaa mjuzi hata kama ana dosari zake, na katika kulinda mali itangulizwe amana. Akanukuu jawabu la Imamu Ahmad ibn Hanbal alipoulizwa juu ya maamiri wawili, mmoja mwenye nguvu aliye fasiki na wa pili mwema aliye dhaifu: nguvu za yule wa kwanza zitawafaa Waislamu na ufasiki wake utamdhuru mwenyewe, lakini wema wa yule wa pili ni wa nafsi yake, na udhaifu wake utawadhuru Waislamu. Lakini uaminifu anaouzungumzia Ibn Taymiyya ni uaminifu katika amana, yaani kwa Mungu na kwa wenye mali, si uaminifu wa mtumishi kwa bwana wake. Na aina hizo mbili za uaminifu tunazichanganya kila siku, tukamwita mwaminifu yule ambaye kosa lake limefichwa na bwana wake na yeye akaficha la bwana wake. Huo nao ni uaminifu wa namna yake, lakini umefungwa baina ya watu wawili, na umma umeachwa nje ya mlango.

Jirani zetu wa Uganda walilipia jambo hili kwa damu. Mwezi wa Februari 1966 Bunge lao lilikubali hoja ya Daudi Ocheng, ya kutaka Kanali Idi Amin asimamishwe kazi ili zichunguzwe tuhuma za dhahabu na pembe za ndovu zilizotoka Kongo. Milton Obote, waziri mkuu, alipima jambo hilo kwa mizani ya nani yu naye. Mwezi ule ule akawatia mbaroni mawaziri watano, akamwondoa Brigedia Shaban Opolot asiyemtumainia, akampandisha Amin, afisa mwenye elimu haba na tuhuma shingoni, kwa kuwa alimwona kuwa ni wake. Na Amin kwa muda alikuwa wake kweli, maana mwezi wa Mei ndiye aliyeongoza jeshi kulishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa nje ya nchi kwa ajili ya mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Singapore, mtu wake akaichukua serikali. Yaliyofuata yanajulikana hata na watoto wa Kagera, ambako majeshi ya Amin yaliingia mwezi wa Oktoba 1978, wakauawa watu na kufukuzwa katika vijiji vyao. Mtawala anayechagua kwa uaminifu wa nafsi anadhani amejinunulia usalama. Kumbe amemweka karibu yake mtu ambaye sababu pekee ya kuwapo hapo ni mapatano yao wawili, na mapatano hayo yakigeuka hakuna kitu kingine chochote, si sheria, si ujuzi, si heshima ya kazi, cha kumzuia mkono.

Insafu yataka nikiri kwamba iko kazi ambayo utii ni sehemu ya umahiri wake. Baada ya askari wa Tanganyika Rifles kuasi mwezi wa Januari 1964, serikali ililivunja jeshi hilo na kuunda jipya, na vijana wengi wa kuanzia walichukuliwa katika Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, kwa kuwa ilionekana kwamba mwenye bunduki asiyeitii jamhuri ni hatari kuliko asiye na bunduki. Siwezi kusema walikosea. Ila utii wa askari una mwenyewe, naye ni nchi na sheria zake, na siku utakapohamishiwa kwenye nafsi ya mtu, hata awe mwema namna gani, tutakuwa tumekwisha kuingia katika njia ya Obote.

Wala utii wa kweli kwa nchi haukosi kumgharimu mtu cheo chake. Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania tangu 1966, na mwaka 1979 alikuwa Waziri wa Fedha, katika saa ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuvunjika, bei ya mafuta imepanda, na vita vya Kagera vimekausha hazina. Aliona kwamba nchi haina budi kupatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti ya shirika hilo, pamoja na kupunguza thamani ya shilingi, Mwalimu Nyerere aliyaona kuwa ni kuingiliwa uhuru wetu. Mtei hakubadili hesabu zake ili zimpendeze Rais, wala hakukaa serikalini akinung'unika pembeni, alijiuzulu. Wataalamu wanajadili mpaka leo ni nani kati yao aliyeona mbali zaidi, na mapatano na shirika hilo yalikuja kutiwa sahihi mwaka 1986, Mwalimu akiwa amekwisha kung'atuka. Lakini katika suala letu sioni kwamba lazima tuamue. Waziri aliyemwambia mkubwa wake anachokijua, kisha akatoka mlangoni wakati maneno yake yalipokataliwa, aliitumikia hazina kuliko mawaziri kumi waliokubali kwa vichwa.

Iko hoja ya mwisho, nayo ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu husemwa na watu waliosoma. Husema kwamba hayo yote ni ya mitume na marais, na kwamba mkulima hana kipimo cha kupimia umahiri wa waziri, kwa hiyo tumwache apende, maana kupenda ndiko anakokujua. Wangeliukumbuka uchaguzi wa Septemba 1965 wasingesema hivyo. Chama kilikuwa kimoja tu, TANU, na kwa hesabu za nje pasingekuwa na kuchagua. Lakini katika majimbo mengi chama kiliwasimamisha wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba, wakazungushwa pamoja katika mikutano ile ile, chini ya mwenyekiti yule yule, wakakatazwa kutumia kabila, rangi au dini. Tazama lililotokea hapo, pengine bila ya waliolitunga kulikusudia lote: swali la nani ni wetu lilikuwa limekwisha kujibiwa, maana wote wawili walikuwa wetu, wote wana kadi, na hakuna aliyeweza kudai kuwa kumnyima yeye kura ni kumpinga Mwalimu. Mtu asiyejua kusoma, amesimama na karatasi yenye picha mbili, alibakiwa na swali moja tu la kujiuliza, nalo ni yupi kati ya hawa atakayeifanya kazi.

Na aliulizwa akajibu. Wabunge wengi waliokuwa madarakani walianguka, wakiwamo watu waliokuwa katika harakati za uhuru tangu mwanzo. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba Usukumani na kuwatoa katika dhuluma ya mizani ya walanguzi, aliangushwa huko huko kwao. Sidai kwamba Bomani alikosa uwezo. Rais mwenyewe alimrudisha Bungeni kwa kumteua na kumkabidhi mipango ya uchumi, kazi iliyokuwa ya saizi yake. Lakini wakulima wa Mwanza, ambao kama kuna watu waliokuwa na deni la shukrani kwa mtu basi ni wao, walitenganisha shukrani na ubunge, pengine kwa kuona kuwa waziri aishiye Dar es Salaam hawezi kuwa pia mjumbe wao wa kila siku. Katika uchaguzi huo huo Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, na Derek Bryceson, Mzungu, walichaguliwa na wapiga kura ambao walio wengi kabisa kati yao walikuwa Waafrika. Watu hao hawakusoma Ibn Taymiyya. Walijua kazi inapofanywa na inapokosa kufanywa, kama wanavyojua shamba lililopaliliwa.

Kwa hiyo kipimo kipo, na leo kimeandikwa kwa wino kuliko zamani. Kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa Rais, kisha huwekwa mezani Bungeni, na ndani yake kila halmashauri imepewa hati yake, yenye kuridhisha, yenye shaka, au isiyoridhisha, pamoja na sababu: stakabadhi zisizoonekana, malipo yasiyo na idhini, dawa zilizonunuliwa na zahanati hazikuzipokea. Anayempenda diwani wake na ampende. Amsalimie kwa taadhima, ahudhurie msiba wake, amwombee dua. Kisha siku ya mkutano asimame mbele za watu amwulize stakabadhi zile ziko wapi, na wale wanaomvuta kanzu wakimnong'oneza kwamba huyo ni mtu wetu, mwache, awajibu kwamba ndiyo, ni mtu wetu, na aendelee kuuliza.